Futa Jumamosi

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kabla ya yote. Sisi huku hatujambo. Mdogo wako naye hajambo, ila mkono wa kushoto umeunguzwa na cheche, kwa sababu glovu za kuchomelea anazivaa siku anazokumbuka. Ukimwandikia mseme wewe dada yake. Mimi nikimsema anaitikia "sawa mke wangu" na kuendelea vilevile. Bomba la mtaani limerudi kutoa maji. Kazini uwanjani naendelea vizuri, nafagia, napiga deki, na siku hizi ubao wa ratiba za ndege naandika mimi, maana mwandiko wa Karani watu walikuwa wanausoma wakiwa wameinamisha shingo.

Chiriku mwanangu anaendeleaje huko kwako? Leo ni wiki ya sita tangu yule mhudumu wa ndege amshike mkono na kupanda naye ngazi. Uliniambia kwa simu masikio yameshafanyiwa upasuaji, maji yaliyokuwa nyuma ya ngoma yametolewa, vimirija vimewekwa. Simu ikakatika hapo. Tangu hapo mnara wetu unawashwa saa mbili tu kwa siku, kwa sababu jenereta lao linakunywa dizeli na dizeli imepanda. Saa mbili hizo mji mzima unapiga, hakuna anayempata mtu. Ndiyo maana nakuandikia. Mfuko wa posta unapanda ndege ya Alhamisi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichane karatasi hii kwenye daftari. Jana Karani aliniambia nifute mstari wa Jumatatu, ndege hiyo haiji tena. Tumebaki na Alhamisi na Jumamosi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mafuta yamepanda, na kule kwenu kuna msongamano. Mafuta nimeelewa, hata jiko langu limeelewa. Msongamano ndio umenishinda. Barabara ina kingo mbili, magari yakizidi yanabanana. Anga lina kingo gani? Nimetoka nje nimelitazama, sikuona pa kubanania. Wewe uko huko kwenye kiwanja kikubwa, unatangaza hizo ndege kutwa nzima. Nieleze.

Tiketi ya Chiriku ya kurudi ni Jumamosi tarehe 28 Machi. Nimeiandika nyuma ya mlango.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Tarehe 14 Februari

Mama Chiriku, wifi yangu mwenye mwandiko wa kuonewa wivu,

Salamu zako zimefika na karatasi ilinukia sabuni ya deki, nikajua imetoka kazini. Mimi mzima, ila koo limechoka. Zamani nilikuwa natangaza ndege zinazokuja na kuondoka. Siku hizi nusu ya kazi yangu ni kusema "imefutwa" na "imechelewa", na watu wananitazama kupitia kioo kana kwamba nimeifuta mimi kwa kiganja changu. Mwambie mdogo wangu avae glovu. Mwambie nimesema mimi, na kwamba nakumbuka alivyolia alipochomwa sindano ya surua.

Binti anasikia. Nakwambia polepole ili usome polepole: anasikia. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali alisimama jikoni akauliza nani anapiga makofi. Ilikuwa saa ya ukutani. Jirani yangu akimaliza zamu yake ya asubuhi huja naye uwanjani kunisubiri, naye husikia sauti yangu ikitoka darini. Mwanzo alikuwa ananitafuta juu ya dari. Sasa anawaambia abiria, "Huyo ni shangazi, msikilizeni."

Kuhusu msongamano. Anga halina kingo, lakini ardhi inazo. Kila ndege iliyo juu lazima ishuke, na pa kushukia hapa ni njia mbili, moja inachimbuliwa kukarabatiwa. Kwa hiyo mlango ni mmoja, na ndege haiwezi kuegesha hewani ikasubiri. Inazunguka. Zinapangwa kwa ghorofa, hii juu ya ile, zote zinazunguka kusubiri zamu, na zinachoma mafuta bila kwenda popote. Rubani mmoja aliniambia kwenye chumba cha chai kwamba alizunguka dakika arobaini akiliangalia paa la nyumba yake, shuka zimeanikwa, anamwona hadi mbwa.

Sasa yenu ina viti kumi na tisa. Nyingine ina viti mia mbili. Zote zinachukua zamu moja ya mlango. Mafuta yakiwa ghali na mlango ukiwa mmoja, wakubwa wanaona heri ipite ile ya mia mbili. Ndivyo Jumatatu yenu ilivyokwenda.

Daktari anasema tusiwe na haraka na masikio. Nimeweka picha moja ndani.

Wifi yako,
Sauti ya Darini


Tarehe 24 Februari

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ile sehemu ya saa ya ukutani nimemsomea mdogo wako akiwa anachomelea geti la watu. Alizima mashine akakaa juu ya ndoo. Halafu akavaa glovu. Sikumwambia.

Habari ya ndege kuzunguka nimeipeleka bombani na imepokelewa vizuri. Wanawake wote wana maswali, nami nimejifanya mtaalamu mpaka maneno yakaniishia, kwa hiyo nisaidie. La kwanza, waliomo ndani wanajua kwamba wanazunguka, au wanadhani wanakwenda? La pili ni langu mwenyewe. Kama mafuta ni ghali, kwa nini ndege isipite chini kidogo? Kupanda mlima kunachosha, sasa kwenda juu kote kule si ndiko kunakokula mafuta? La tatu, hao wanaopanga nani apite mlangoni, wamewahi kufika huku? Wanajua daraja la barabara kuu lilisombwa, na kwa gari ni siku mbili kuzunguka? Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua kama mtu akikata mstari kwenye karatasi, anaona kitu chochote au anaona mstari.

Picha nimeibandika. Amenenepa mashavu, Mungu akuzidishie. Ana nywele zimesukwa vizuri kuliko nilivyozisuka mimi. Nimeona soksi nyeupe na viatu vyeusi vya kufunga kwa mkanda. Ni viatu vya kutembelea, sivyo?

Mimi siwezi kuja kumchukua kwa sasa, kuna sababu, nitakuambia baadaye. Lakini mhudumu wa Jumamosi ananijua, atamshika mkono vizuri. Bado siku thelathini na mbili.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Tarehe 17 Machi

Mama Chiriku,

Nisamehe kwa kimya cha wiki tatu. Hapa ni vurugu, watu wanalala kwenye viti, na mimi natangaza mpaka ndotoni.

Nimemuuliza yule rubani maswali yako. Wengi ndani hawajui, mpaka walione jua likihama kutoka dirisha la kulia kwenda la kushoto. Na ndege chini hula mafuta zaidi, kwa sababu hewa ya chini ni nzito, ni kama kutembea ndani ya maji. Kule juu ni nyepesi. Alisema swali lako ni zuri kuliko anayoulizwa na abiria wa mbele. Nilipofika la tatu, akainuka kuosha kikombe chake.

Sasa habari mbaya. Jumamosi yenu nayo imefutwa, kuanzia tarehe 21 mwezi huu. Mnabaki na Alhamisi peke yake, na hiyo inapitia kituo kingine njiani, watu wanashuka na kubadili ndege, kwa hiyo hawapokei mtoto asiye na mtu mzima. Tiketi ya binti haina kazi tena. Nadhani tusubiri mpaka mambo yatulie. Labda mwezi wa saba. Huku yuko salama, anakula, analala, usiwe na wasiwasi.

Msalimie mdogo wangu.

Wifi yako


Alhamisi, tarehe 19 Machi

Wifi,

Naandika nimekaa kwenye mizani ya mizigo, rubani amenipa dakika ishirini kabla hajawasha. Barua yako ameileta yeye na jibu atalichukua yeye.

Sijambo, mdogo wako hajambo.

Unasema Jumamosi imefutwa. Wifi yangu, ubao uko mbele yangu. Naandika kwa mkono wangu, na ninapofuta nafuta kwa mkono wangu. Jumamosi ipo. Saa nne asubuhi, viti kumi na tisa. Karani yuko safarini tangu Jumatatu na hajaniachia neno lolote la kuitoa. Ameniachia kazi za usafi tu. Kama ndege ingekuwa imefutwa, mimi ndiye mtu wa kwanza kujua katika mji huu, maana hakuna anayeweza kuifuta bila kunipitia.

Nilikuuliza viatu, hukujibu. Nimekuuliza Jumamosi, umenipa mwezi wa saba. Mdogo wako anasema nisiwe na wasiwasi, mtoto yuko kwa dada yake, si kwa watu baki. Ni kweli. Lakini mimi sikumleta kwako akakae. Nilimleta akasikie.

Ulinifundisha kwa nini ndege zinazunguka. Sasa niambie kwa nini wewe unazunguka.

Amewasha.

Mama Chiriku


Jumapili, tarehe 22 Machi

Wifi yangu, wifi yangu mpendwa,

Laiti ningeweza kukimbia nikaishika ile ndege mkiani. Barua yangu ya Alhamisi umeshaisoma, na hii haitoki mpaka Alhamisi ijayo. Simu nimejaribu jana na leo, saa zote mbili, napata yule mama wa kwenye mashine anayesema nijaribu tena. Kwa hiyo wiki nzima utakuwa umekaa na maneno yangu mabaya, na mazuri yako hapa mezani kwangu.

Nikueleze nilichofanya. Karani akisafiri huniachia vikaratasi, anavibana chini ya kifutio cha ubao. Ni mtu wa maneno mawili. "Osha Jumatano", basi Jumatano naosha choo. "Deki Ijumaa", Ijumaa napiga deki. Jumatatu nilikuta kikaratasi kimoja: "Futa Jumamosi". Nikasema sawa, madirisha. Yana vumbi la miezi.

Basi jana nimeamka mapema, nimebeba ndoo, magazeti na siki. Madirisha kumi na mawili, wifi, ndani na nje. Nimeyafuta mpaka ukiyatazama unaona uso wako. Huku watu wanaingia na mabegi yao. Fundi cherehani alikuwa na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye blanketi. Mzee mmoja alikuwa anakwenda kupimwa macho. Walikuwa kumi na mmoja, wameketi wananisifu vioo vinavyong'aa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Wakawa wanatazama mbingu kupitia vioo vyangu visafi, na mbingu haina kitu.

Saa sita Karani akafika kutoka safari, anashuka kwenye lori, anaona watu. Akaniita pembeni.

"Nilikwambia ufute Jumamosi."

"Nimefuta. Tazama vioo."

Alitazama vioo. Akatazama ubao. Akakaa chini kwenye ngazi akashika kichwa, nikadhani analia, kumbe anacheka hana hata pumzi. Fundi cherehani hakucheka, na ana haki. Nimemwomba radhi yeye na wote, mmoja mmoja. Yule mzee aliniambia, macho yenyewe hayaoni vizuri lakini vioo ameviona.

Kwa hiyo ulisema kweli na mimi nikakuita mwongo, kwa ushahidi wa ubao niliouharibu mwenyewe. Naomba unisamehe.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu ya kuomba radhi, niseme na lingine. Nilikuficha jambo. Sikuja kumchukua mwenyewe kwa sababu nina mimba ya miezi minane, na ndege hazinipokei. Mdogo wako nilimkataza asikwambie. Haikuwa aibu. Nilijua ulivyohangaika miaka yote ile, na zile mimba mbili zilizotoka. Niliogopa ukisikia nina mwingine njiani utasema, basi niachie huyu. Na niliogopa nikisikia ukisema hivyo, nitaona una haki, nitakubali, halafu nitakufa.

Nimelisema. Sasa linasubiri Alhamisi pamoja na mimi.

Mama Chiriku


Tarehe 24 Machi

Mama Chiriku,

Sina salamu ndefu leo. Binti hajambo.

Jumamosi imefutwa kweli. Tangazo nililisoma mimi, mara tatu, na sauti yangu haikutetemeka. Sijui ubao wenu una nini, lakini ndege haipo. Ningekuwa mtu wa kujitetea ningeishia hapa, nikaweka muhuri, nikakuacha uone haya peke yako.

Lakini umeuliza kwa nini nazunguka.

Viatu ni vya shule. Nilimwandikisha tangu Februari, darasa la watoto wadogo, hapo nyuma ya soko. Nilijiambia ni kwa ajili ya masikio, azoee sauti za wenzake. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mtu haandikishi mtoto muhula mzima kwa ajili ya wiki sita.

Na lingine. Alhamisi inataka mtu mzima wa kusafiri naye. Nina siku kumi na nne za likizo tangu mwaka jana. Nilikuandikia "hawapokei mtoto asiye na mtu mzima", nikaweka nukta, kana kwamba duniani hakuna watu wazima. Nilipopewa ile karatasi ya safari zilizofutwa, nikashuka na kidole mpaka nikafika kwenye Jumamosi yenu, unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Watu kumi na tisa hawana usafiri, daraja limesombwa, na mimi nimefurahi. Halafu nikabonyeza kitufe nikatangaza "tunasikitika kuwajulisha".

Sikukusudia kukuibia mtoto. Nilikuwa nachelewa tu. Kila siku nachelewa moja zaidi. Anaponiita kutoka bafuni nimletee taulo, nyumba nzima inasikika kama nyumba.

Sasa unajua. Niambie lini, nitamleta mwenyewe.

Wifi yako


Tarehe 27 Machi

Wifi yangu,

Barua yako ya madirisha imefika jana jioni. Nimehesabu siku: ndege iliyokuletea ungamo langu ndiyo iliyogeuka ikaniletea lako. Tulipishana kwenye kiti kimoja. Ningejua ungeniomba radhi ya vioo, pengine nisingeandika lile langu, ningekaa kimya na ushindi wangu. Afadhali posta yenu ni ya Alhamisi.

Nimecheka kwenye chumba cha chai mpaka yule rubani akauliza kuna nini. Nikamweleza. Sasa marubani wote wakipewa habari ya safari kukatwa wanaulizana, "Umefuta vioo?"

Kuhusu lile la pili. Nilisoma, nikafunga barua, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Sitakudanganya tena kwa hiyo nasema: ungeniambia Januari, ningesema maneno yaleyale uliyoyaogopa. Yaleyale, kama vile umeyasoma kwenye kinywa changu. Nimefurahi hukunipa nafasi ya kuyasema. Na nimefurahi kwa mtoto anayekuja. Furaha zote mbili zimo, ya pili inachechemea kidogo, ipe muda.

Tunakuja Alhamisi tarehe 9 Aprili. Mwalimu wake nimeshamuaga. Usiinue ndoo.

Wifi yako


Tarehe 30 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini umefika salama na koo limepona kwa kupumzika. Sisi hatujambo. Mdogo wa Chiriku ananyonya na kulala, kama ulivyomwacha. Baba yake amemtengenezea kitanda cha chuma kizito sana, kukihamisha ni lazima tuite majirani. Chiriku anakusalimu. Kila siku anauliza kwa nini dari ya kwetu haisemi.

Kuna jambo hukuliona siku mliyofika, nataka ulijue.

Mliposhuka ngazi alikuwa ameshika vidole vyako viwili. Mimi nilisimama pale kwenye kamba, siwezi kukimbia na tumbo lile. Hakunikimbilia. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupita. Nikaona umevichomoa vidole vyako, kimoja kimoja, ukamwambia kitu sikioni, halafu ukaenda nyuma ya rukwama ya mizigo kutafuta begi. Begi lilikuwa begani mwako, wifi. Karani alitaka kukuambia, nikamkanyaga mguu.

Akaja polepole mpaka nilipo. Nikamwita jina lake. Unajua nilivyokuwa nikimwita zamani, kwa kupaza sauti, na mikono, na miguu, mtaa mzima unageuka. Safari hii nilimwita kwa sauti ya kawaida. Akasimama. Akaweka mkono mdomoni mwangu.

"Mama," akasema, "kumbe una sauti ndogo."

Miaka mitano, wifi, hakuwahi kuisikia. Sauti aliyokuwa akiijua ni makelele yangu. Hii ndogo nimempa siku hiyo, na wewe ndiye uliyempa masikio ya kuipokelea. Basi hapo ndipo aliponikumbatia, na wewe ulikuwa bado unatafuta begi.

Siku kumi na nne ulizokaa nilikuangalia. Nilikuona unamfundisha kufunga mkanda wa kiatu halafu unaacha aharibu mwenyewe. Nilikuona siku ya kuzaliwa mdogo wake, ulivyombeba mara ya kwanza, ukamrudisha haraka kidogo, halafu ukamwomba tena. Nasema sasa kwamba niliona.

Na karatasi ya daktari uliyoiacha kwenye begi lake nimeisoma. Inasema mwezi wa kumi arudi kuangaliwa vimirija. Hukuitaja ulipokuwa hapa. Nadhani uliogopa nitaona ni ujanja. Mdogo wako alisema tuulizie daktari wa karibu zaidi. Nimekataa. Mwezi wa kumi wanafunga shule, na Karani ana dada yake anayesafiri na Alhamisi mwezi huo, ni mtu mzima, tena mnene, watampokea. Nimemwomba amlete Chiriku kwako. Aonwe na daktari wake, na akae kwako likizo yote, wiki nne. Hakuna aliyenishauri. Mimi mwenyewe ndiye ninayekuomba.

Nilikaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika mstari huo. Lakini umeshauona sasa, na sitaufuta.

Mama Chiriku


Tarehe 8 Mei

Mama Chiriku, wifi yangu,

Salamu kwa wote, na kwa kitanda cha chuma.

Mafuta yamepanda tena wiki hii. Wanasema huenda wakakata na nyingine, sijui ipi. Leo nimekwenda mwenyewe dirishani kwa wenzangu wa tiketi kabla sijaingia zamu. Yule binti wa kompyuta akaniuliza kama aanze na tarehe ya mtoto kuja. Nikamwambia hapana.

Alhamisi, tarehe 29 Oktoba, kutoka huku kurudi kwenu. Kiti cha dirishani kwa mtoto, na cha pembeni yake kwangu. Nimelipia, nimechukua risiti, nimeiweka humu ndani ili ikae kwako wewe na si kwangu.

Sasa niambie anakuja lini.

Wifi yako